Nimeambiwa nishushe kilo 13 ndipo nipandikizwe figo. Mliopitia hili naomba msaada

Fundi wa Mwaloni

Habari za jioni wakuu. Naandika nikiwa nimekaa nje ya karakana, mkono wa kushoto una bandeji maana nimetoka kwenye mashine ya kusafisha damu mchana huu, kwa hiyo mkiona herufi zimerukana mnivumilie.

Mimi ni fundi wa injini za boti hapa Kirumba Mwaloni, Mwanza, umri miaka 44. Presha nilikuwa nayo tangu nikiwa na thelathini na kitu, sikuijali. Kichwa kikiuma nameza dawa, kikitulia naacha. Mwaka juzi miguu ikavimba, nikajua ni ya kushinda nimesimama kwenye maji, kumbe figo zilishakwisha. Sasa nasafishwa damu kwa mashine, ndiyo dayalisisi, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwa muda wa saa nne kila mara. Kazi nafanya siku za katikati, na hizo nazo nusunusu, kwa sababu ukitoka pale unakuwa kama nguo iliyokamuliwa.

Dada yangu ninayemfuata kuzaliwa, yuko Nansio kule Ukerewe, amejitolea kunipa figo moja. Vipimo vya damu vimekubali. Mama alichinja kuku. Mwezi uliopita nikapanda basi la usiku kwenda hospitali wanakopandikiza, mfukoni nina kalamu ya kuandikia tarehe ya upasuaji. Nikapandishwa kwenye mizani: 112. Urefu wangu ni mita 1.68. Daktari akabonyeza kikokotoo, akasema BMI yako, yaani uzito ukipimwa kwa urefu, inakaribia 40, sisi mwisho wetu 35, nenda ukapunguze kilo 13 ndipo urudi. Dakika kumi nikawa nje. Binti wa mapokezi akaniambia, "Baba, kwa tumbo hilo hiyo figo wataitafuta kwa tochi." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Kwenye basi la kurudi sikucheka.

Nauliza hivi. Kitambi kinahusiana nini na figo? Halafu kuna mwenzangu wa mashine anasema wanene ndio wanaodumu kwenye dayalisisi na wembamba ndio wanaowahi kutuacha, sasa kwa nini nikonde? Na nitakondaje wakati kutembea tu kutoka hapa hadi Furahisha napumzika mara mbili? Tena mnajua huku kwetu, ukikonda ghafla hakuna anayekuuliza unafanya mazoezi gani. Wanaulizana wenyewe kwa wenyewe umeanza dawa lini.

Kijana wa Buzuruga

Pole mkuu. Hilo mbona dogo. Kuna chai ya majani ya kukata kitambi inauzwa stendi, shemeji yangu ilimtoa kilo 8 kwa mwezi mmoja. Inasafisha tumbo lote. Nikupe namba ya muuzaji?

Sista Mstaafu

Kijana, namba hiyo baki nayo. Sikugombezi, ila hili sitaliacha lipite.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Brussels, Ubelgiji, kulikuwa na kliniki ya kupunguza unene. Wanawake wakapewa vidonge vyenye mitishamba ya Kichina. Ndani yake mlikuwa na mmea wenye sumu inayoitwa asidi aristolokiki. Zaidi ya watu mia moja waliharibikiwa figo, na wengi wao walifika kwenye mashine au kwenye kupandikizwa. Walikwenda kutafuta kiuno. Majani ya stendi hayana maandishi ya kilichomo, na mtu ambaye figo zake zimekwisha hana pa kutolea kitakachomdhuru.

Baba Fundi, kabla sijakujibu. Siku ile ulipanda mizani kabla ya mashine au baada? Na uzito wako mkavu, ule wa baada ya mashine kutoa maji yaliyozidi, umeandikwa ngapi kwenye daftari?

Fundi wa Mwaloni

Shikamoo Sista. Ilikuwa kabla. Niliruka mashine ya Jumatano nikihangaikia barua ya rufaa, nikasafiri Alhamisi usiku, nikapimwa Ijumaa asubuhi. Uzito mkavu umeandikwa 108.

Sista Mstaafu

Marahaba baba. Kwanza la kuruka mashine, usirudie. Siku nne bila kusafishwa, ndani ya basi, ungeweza kutuzimikia njiani na hadithi ingekuwa nyingine. Barua ya rufaa ingesubiri.

Pili, umeona kilichotokea? Ulipanda mizani na kilo 4 za maji. Hayo si mafuta, ni Ziwa umelibeba mwilini, na mashine ingeyatoa mchana mmoja. Uzito wa kuhesabia ni ule mkavu. Chukua 108, gawa kwa 1.68, jibu ligawe tena kwa 1.68, unapata 38 na kidogo. Kufika chini ya 35 unatakiwa uwe kwenye 98 na ushee. Kwa hiyo deni lako ni kilo 9 na nusu hivi, si 13. Bado ni deni, ila la mtu kulipa. Safari ijayo nenda siku inayofuata mashine, na daftari lako mkononi, ulifungue kwenye ukurasa wa uzito mkavu kabla hawajakuuliza.

Tena nikuambie, hicho kipimo chenyewe ni butu. Hakitofautishi maji na nyama, wala nyama na mafuta. Mbeba magunia wa pale Mwaloni anaweza kusoma 31 na hana hata kitambi. Ndiyo maana madaktari wengine wanapima na mzingo wa kiuno. Na mwongozo wa 2020 wa KDIGO, jopo la kimataifa la wataalamu wa figo, haukusema mnene anyimwe figo. Unashauri unene peke yake usiwe sababu ya kumfungia mtu mlango, na asaidiwe kupunguza kabla ya upasuaji. Hospitali nyingi zimejiwekea mpaka, ipo inayosema 35, ipo inayosema 40. Yako imesema 35, fanya kazi na hiyo.

La huyo mwenzako wa mashine. Ameona kweli, amefasiri vibaya. Kwenye dayalisisi takwimu zinaonyesha wenye mwili mkubwa wanadumu kuliko wembamba. Lakini mwembamba wa pale kwenye kiti, mwangalie vizuri: mara nyingi hakuchagua wembamba, ugonjwa ndio umemla. Kifua, moyo, kukosa hamu ya kula. Umlinganishe mnene na huyo, lazima ashinde. Linganisha sasa mnene aliyepandikizwa na mnene mwenzake aliyebaki kwenye kiti: kwa wastani aliyepandikizwa anaishi zaidi. Hilo ndilo la kumjibu mwenzako.

Nakuja baadaye kwenye chakula, mjukuu analia.

Mama Vitenge

Mdogo wangu Fundi, mimi nina figo ya kaka yangu tumboni tangu 2019. Nauza vitenge hapa mjini, wateja wangu hawajui, wananiona tu nanenepa na kukonda kama mwezi. Nikujibu lile swali lako la kwanza, kwa sababu mimi mwenyewe sikuelezwa mpaka nilipoliona kwa macho.

Figo mpya hawaiweki mgongoni. Zile za zamani kwa kawaida wanaziacha hukohuko zilipo, zimenyauka. Mpya inakaa chini ya tumbo upande mmoja, karibu na nyonga, ukijipapasa unaisikia kama ngumi ya mtoto. Inaungwa kwenye mishipa mikubwa ya damu inayokwenda mguuni, na bomba lake la mkojo linashonewa kwenye kibofu. Sasa fikiria fundi wewe, unataka kufunga boliti iliyo chini kabisa ya injini na mkono wako haufiki. Kwa mwembamba mshipa upo karibu. Kwangu, kilo 88 na urefu wa mita 1.62, daktari aliniambia baadaye ilikuwa kama kuchota kisimani. Upasuaji ulirefuka. Upasuaji ukirefuka, figo nayo inakaa muda mrefu bila damu, na ikikaa hivyo inaweza kugoma kuamka, ukapewa figo mpya na bado ukarudishwa kwenye mashine wiki ya kwanza ukiisubiri. Yangu iliamka siku hiyohiyo, nashukuru Mungu. Mkojo wa kwanza kwenye ule mfuko niliuangalia kama wengine wanavyoangalia mtoto mchanga.

Tatizo langu lilikuwa ukuta wa tumbo. Siku ya tisa nimekaa, nikahisi kanga imelowa. Kufunua, maji ya rangi ya chai ya rangi yanachuruzika kwenye mshono. Nyuzi tatu zilikuwa zimeachia. Tumbo langu lina mkunjo, na mkunjo ulikuwa umelalia kidonda, jasho, joto, hapakauki. Mafuta hayana damu nyingi, kwa hiyo yakikatwa hayashikani upesi kama nyama. Juu yake unameza dawa za kushusha kinga ili mwili usiikatae figo, na dawa hizohizo zinachelewesha kupona na kualika wadudu. Nilisafishwa kidonda wiki saba. Mpaka leo upande ule nina henia ndogo, nikikohoa inachungulia. Figo haikuwa na kosa lolote.

Na ningekuwa sijapunguza ingekuwaje? Maana mimi nilianzia 94.

Sasa sikiliza la baada, hili ndilo wengi hawalijui. Ukishapandikizwa unapewa prednisoloni. Ile dawa ina njaa yake, si njaa ya binadamu. Saa 8 usiku mume wangu alishika rungu akadhani mwizi ameingia, akanikuta jikoni nimesimama na sufuria nakula kiporo cha wali maharage kwa mkono. Halafu ulikuwa umezoea kukatazwa vitu, ndizi usile, maharage usile, maji kipimo, leo ghafla umefunguliwa. Mwaka wa kwanza niliongeza kilo 11. Sukari ikapanda, nami sikuwahi kuwa na kisukari maishani, ila prednisoloni na takrolimusi, zote dawa za kushusha kinga, zinaisukuma sukari juu, na unene unazisaidia. Sasa nina vidonge vya sukari juu ya vile vingine.

Kwa hiyo mdogo wangu, usione unakonda kwa ajili ya mizani ya yule daktari. Kilo zitarudi tu. Heri zikukute kwenye 98 kuliko kwenye 112.

Yule binti wa mapokezi siku yake ipo. Kitambi hakichagui.

Fundi wa Mwaloni

Dada umeniliza na umenichekesha. Hiyo ya boliti nimeielewa kuliko maelezo yote.

Nimekaa na kichwa changu nikawaza jambo lingine, Sista unisahihishe. Hapa Mwaloni mtu akija na boti kubwa ya mizigo akataka nimfungie injini ya nguvu 15, namkatalia. Itaisukuma, ndiyo, lakini itaunguruma mpaka mwisho siku zote, na haitamaliza mwaka. Boti hiyo inataka 40. Sasa dada yangu ni mtu mfupi, mita 1.58. Figo yake si ndogo kwa mwili wangu?

Sista Mstaafu

Baba, miaka 31 nimefanya kazi wodini sijasikia ikisemwa vizuri namna hiyo. Ndivyo ilivyo. Figo moja ina idadi yake ya vichujio, haiongezeki. Ukiipachika kwenye mwili mzito, kila kichujio kinabeba zaidi ya sehemu yake, presha ya ndani inapanda, baada ya miaka vinaanza kuchoka na kuvujisha protini. Hata mtu ambaye hajapandikizwa, unene unazifanyia figo zake hivyohivyo, achilia mbali presha na kisukari unavyovileta. Huwezi kuikuza figo ya dada yako. Boti ndiyo ya kupunguza mzigo.

Lakini umenikumbusha. Dada yako ana kilo ngapi?

Fundi wa Mwaloni

Nimempigia sasa hivi. Alicheka kwanza, akasema mzani wa kuaminika kule ni wa duka la nafaka. Amepimwa hapo, 84.

Sista Mstaafu

Inasoma 33 na nusu hivi. Basi mko wawili.

Kwa mchangiaji unene una uzito wake tofauti. Wewe mpokeaji unapima faida na hasara ukiwa tayari mgonjwa. Yeye ni mzima. Anaingia chumba cha upasuaji mzima, anatoka na figo moja, na hiyo moja inatakiwa imfikishe uzeeni. Akiwa mnene, uwezekano wa kupata presha na kisukari baadaye ni mkubwa, na hivyo ndivyo vinavyoua figo. Hatutaki miaka ishirini mbele yeye ndiye awe anaandika hapa. Wengi wakivuka 35 wanakataliwa kuchangia. Kati ya 30 na 35 wanaangaliwa mmoja mmoja: sukari, presha, protini kwenye mkojo, historia ya nyumbani. Na historia ya nyumbani kwenu ni wewe, baba, figo zimekwisha kwa presha. Kwa hiyo watamwangalia kwa makini zaidi, na wana haki.

Habari njema ni kwamba yeye hana masharti ya dayalisisi, anaweza kupunguza kwa njia za kawaida. Sasa chakula chako.

Usile kama mtu wa kawaida anayejinyima. Dayalisisi inaondoka na protini yako, kwa hiyo ukikata kila kitu utakonda misuli, kitambi kibaki. Punguza ugali, usipunguze samaki. Sato wa kuchemsha au wa kuchoma, kipande cha kiganja chako, mchana na jioni. Kayabo, yule samaki wa chumvi, weka mbali, chumvi yake itakupa kiu, kiu itakupa maji, maji yatakuongopea kwenye mizani. Dagaa najua wako mlangoni kwako, ila unawatafuna na mifupa na mifupa ina fosforasi, madini ambayo figo zako haziyatoi tena, kwa hiyo mara mojamoja. Soda acha kabisa. Bia unajua mwenyewe.

Na hapa naomba msome wote wenye mashine, hata wasiotaka kukonda. Mtu akipungua nyama huku uzito mkavu kwenye daftari haujabadilishwa, kinachojaza nafasi ya nyama iliyoondoka ni maji. Mizani inasema 108 leo, 108 mwezi ujao, unakata tamaa unadhani hupungui. Kumbe umepungua kilo 3 za mwili na umebeba kilo 3 za maji zinazokaa kimya, mpaka usiku mmoja unalala unashindwa kupumua. Presha ikianza kupanda bila sababu, au ukihitaji mto wa pili kulala, waambie watu wa mashine wakutazame upya uzito mkavu. Mizani ikigoma, mtazame mshipi wa suruali.

Mwana Sengerema

Nimesoma nikaona niongeze la mke wangu. Yeye anasafishwa mjini Mwanza. Zamani tulikuwa tunakesha na wasiwasi wa kivuko, ukichelewa Busisi umechelewa mashine. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 tunavuka kama tunakwenda dukani.

Aliambiwa apunguze mwili. Akaacha ugali wa mahindi, akahamia michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, akisema ni chakula cha asili hakinenepeshi. Wiki mbili baadaye miguu ikalegea, moyo unapigapiga ovyo. Kupima, potasiamu iko juu kupita kiasi, akakimbizwa kwenye mashine siku isiyo yake. Viazi vitamu vina potasiamu nyingi, na vikikaushwa ndiyo inabaki imejikusanya. Msukuma kunyimwa michembe ni adhabu, nakubali, lakini kabla hujabadilisha chakula muulize mtu wa lishe wa pale unaposafishwa.

Kijana wa Buzuruga

Sista nimekuelewa, nimemwambia shemeji aache ile chai. Mkuu Fundi, katika kusoma nimekuta Chuo Kikuu cha Illinois kule Chicago wanawapandikiza wanene kwa roboti. Figo wanaipitisha kwenye tundu dogo juu ya kitovu, mbali na ule mkunjo aliousema Mama Vitenge, na vidonda vyao vinaoza kidogo sana kuliko kwa njia ya kawaida. Kuna pia wanaokatwa tumbo la chakula likawa dogo kwanza, wakikonda ndipo wapewe figo. Na sindano za semaglutidi za kupunguza mwili.

Mama Vitenge

Chicago, mwanangu? Mimi nauli ya kwenda kliniki naiweka kwenye kibubu.

Sista Mstaafu

Mwache, amejitahidi. Yote aliyoyataja yapo. Sindano asinunue mtu mtaani, ni ya kuulizwa kwa daktari wa figo, maana inaua hamu ya kula kabisa na mtu wa dayalisisi akiacha kula anakonda pasipofaa. Kukata tumbo, baadhi ya aina zake zinavuruga namna dawa za kulinda figo zinavyofyonzwa, kwa hiyo si jambo la kwenda kujifanyia peke yako. Baba Fundi ana kilo 9 na nusu. Aanze na ugali.

Mama Vitenge

Ugali, mdogo wangu, nilikuwa napima kwa kikombe cha chai. Najaza, nakifunika kwenye sahani, kinatoka kama keki. Kimoja. Siku ya kwanza nililia. Mandazi ya asubuhi nilibadilisha njia nisipite kwa yule mama.

Kutembea anza kidogo. Mimi nilihesabu nguzo za umeme. Tatu, narudi. Wiki inayofuata nne.

Fundi wa Mwaloni

Mrejesho wakuu, miezi minne imepita.

Uzito mkavu wangu leo ni 101.5. Dada yuko 78, kwa mizani ileile ya duka la nafaka, mwenye duka sasa anamwita "gunia langu". Kila Jumamosi tunapigiana simu kuambizana, aliyepungua kidogo anamnunulia mwenzake vocha. Mpaka sasa ananidai.

Sista, lile la maji lilinikuta vilevile ulivyosema. Mwezi wa pili mizani iligoma kwenye 105 wiki tatu nzima. Nikasema basi, mwili umekataa, nikanunua chapati mbili nikala kwa hasira. Lakini suruali ilikuwa inanidondoka, nimetoboa mshipi tundu jipya kwa msumari wa moto. Na usiku nilikuwa nalalia mito miwili bila kujiuliza. Nikakumbuka maneno yako. Presha ilisoma 180. Nikawaambia pale kwenye mashine, wakanitazama, wakashusha uzito mkavu hadi 103 kidogokidogo kwa wiki mbili. Usingizi ukarudi. Mto wa pili nimemrudishia mwanangu.

Furahisha nafika bila kupumzika. Mlima wa nyumbani Mabatini bado napumzika mara moja, kwenye lile jiwe kubwa, ila hapo hata wazima wanapumzika.

Maneno ya watu yapo. Juzi mvuvi mmoja akanivuta pembeni, sauti chini, "Fundi, vipi, umepima?" Nikamwambia nimepima, ni 101 na nusu. Hakuelewa. Nikamfunulia mkono nikamshikisha fistula, ule mshipa waliouunga kwa ajili ya mashine, inavyonguruma, akashtuka kama ameshika injini.

Zimebaki kilo 3. Kliniki ni Alhamisi ya mwisho ya mwezi ujao, na safari hii dada anakuja naye. Wabeja sana, wote. Sista, nikimaliza mashine ya Jumatano mchana nikapanda basi usiku huohuo, ni sawa?

Sista Mstaafu

Ni sawa, ndiyo hasa siku ya kusafiri. Muulize daktari wako wa mashine akutazame kabla hujaondoka. Maji chupa moja ndogo, ya safari nzima. Na kuku wa Singida mwangalieni kupitia dirishani, wewe na dada yako.